NetLogo, ST-Sim, LANDIS-II au LPJ-GUESS: ipi ya kuiga misitu na nyasi za huku kwetu?

Swali ninaloulizwa sana kwenye simu, hasa watu wakianza kuandika proposo za masters, ni hili: "Kaka, nataka kuonyesha mimea ya eneo fulani itabadilikaje miaka hamsini ijayo, nitumie modeli gani?" Na mi huwa najibu kwa swali lingine, kitu kinachowaudhi kweli: huko kwako nini kinaua miti? Moto, tembo, msumeno, au kivuli cha miti wenzake? Ukishanijibu hapo nusu ya kazi imeisha, maana hizi programu nne ninazozileta hapa zote ni nzuri, ila kila moja ilizaliwa kwa shida yake na mahali pake, na ukiileta huku Masindi, Uganda, bila kuangalia ilishonewa nani, inakuvaa kama koti la mtu mwingine, mikono haifiki.

Niko Masindi. Barabara ya kutoka hapa kwenda Paraa inakupitisha ndani ya msitu wa Kaniyo Pabidi, mchana ukiwa kama jioni, halafu ghafla unatokea kwenye nyasi za hifadhi ya Murchison Falls. Mpaka ule ndio umenifanya nisiamini modeli moja kwa kazi zote. Ndani ya msitu mche unakufa kwa kukosa mwanga au kwa kuangukiwa, nje pale unakufa kwa sababu ni Januari na moto umepita.

Kwa ambaye hajui tunaongelea nini: unaikata ramani ya eneo lako vipande vidogo vya mraba, kila kipande unakipa mimea iliyopo leo, unaweka kanuni za kukua, kuzaa, kusambaa na kufa, halafu kompyuta inasogeza mwaka mmoja mmoja (au mitano mitano) na wewe unaangalia ramani inavyogeuka. Basi. Tofauti zote zinatoka kwenye zile kanuni, nani anaziandika na zinataka namba gani.

Vigezo vyangu vinne

Kwanza, inaiga kitu gani hasa: mti mmoja mmoja, rika la miti ya umri mmoja, au jina tu la uoto kama "kichaka". Pili, je, vipande vinaongea na jirani zao, yaani mbegu na moto vinaweza kuvuka kutoka kipande hiki kwenda kile? Kama haviongei, hujaiga eneo zima, umeiga shamba moja ukalirudia mara elfu. Tatu, data. Ramani siku hizi siyo shida, picha za setilaiti za Landsat zenye pikseli ya mita 30, za kuanzia miaka ya 1980, zipo bure, na za Sentinel-2 za mita 10 kuanzia 2015, na programu ya ramani ya QGIS ni bure. Shida ni namba za mimea yenyewe, mti unaishi miaka mingapi, unaanza kuzaa lini, mbegu inafika wapi.

Nne ni mashine, umeme na muda wa kujifunza, na hiki ndicho watu wanakidharau. Mi nilishapoteza simulesheni ya siku tatu. Umeme ulikatika usiku wa tatu kama saa nane hivi, betri ya laptopu ilikuwa imekufa zamani, na sikuwa nimeiambia programu ihifadhi matokeo ya katikati. Asubuhi nikakuta faili moja ya KB 0 na mbu. Kwa hiyo piga hesabu kabla: eneo la kilomita 40 kwa 30 kwa pikseli za mita 30 ni vipande milioni 1.3 na zaidi, lakini ukitumia hekta moja moja ni 120,000 tu, mara kumi na moja pungufu. Kwa maswali mengi ya msitu hekta inatosha kabisa, acha kiburi cha pikseli.

ST-Sim, jedwali la hali na mishale

Hii ni ya kampuni ya Kanada inaitwa ApexRMS, inakaa ndani ya programu yao SyncroSim, unashusha bure. Wazo lenyewe ni la kina Westoby, Walker na Noy-Meir, waliliandika mwaka 1989 kwa ajili ya maeneo ya malisho: mimea ina hali kadhaa, na kuna vitu vinavyoihamisha kutoka hali moja kwenda nyingine. Kinachoigwa hapa siyo mti. Ni hali. Nyasi, kichaka, msitu mchanga, msitu mkubwa, na kati yao mishale yenye uwezekano wa kila mwaka.

Kwa msitu wa Budongo, ambao Kaniyo Pabidi ni sehemu yake, hii inakaa vizuri sana kwa sababu mtaalamu wa misitu Eggeling alishatuchorea mishale yenyewe mwaka 1947: nyasi zinavamiwa na msitu mchanga wenye miti ya musizi, unafuata msitu mchanganyiko ambao ndio wenye mahogani, mwisho miti ya muhimbi inatawala. Lakini angalia hapa, watu wanateleza. Miaka ya 1950 na 1960 watu wa misitu walikuwa wanaua kwa dawa miti isiyokuwa na soko, muhimbi wakiwemo, ili mahogani ipate nafasi. Kwa hiyo ukipima leo ukaona mchanganyiko haugeuki kuwa muhimbi kwa kasi uliyoitegemea, huenda unapima mkono wa binadamu, na mshale huo lazima uutenganishe na wa asili.

Data yake ndiyo raha ya hii kitu, kwa sababu ukikosa vipimo unaweza kuuliza watu. Siku moja nilikuwa upande wa Bweyale, mahali ambapo makabila yamechanganyika mpaka Kiswahili ndicho kinatupatanisha, nimekaa na mzee aliyechunga ng'ombe maisha yake yote. Nikamwagia maharagwe kumi kwenye mkeka. "Mzee, kila moja ni kipande cha nyasi ambacho moto haujakigusa miaka kumi. Vingapi vimekuwa kichaka?" Akasogeza manne, akarudisha moja, akaliangalia, akalisogeza tena. "Manne, kijana. Lakini ukiweka ng'ombe, sita." Kwa nini? "Si wamekula nyasi zote, mti unapumua." Hapo nilipata mishale miwili kwa dakika tano.

Sasa usifanye kosa ambalo kila mwanafunzi wangu analifanya. Manne kati ya kumi kwa miaka kumi siyo 0.04 kwa mwaka. Ukiweka 0.04, baada ya miaka kumi utapata vipande 3.4, siyo vinne, kwa sababu kila mwaka nyasi zilizobaki ni pungufu. Sahihi ni 1 toa 0.6 kwa kipeo cha 1/10, inatoka karibu 0.05. Inaonekana kidogo, ila ukienda miaka hamsini, namba ya kwanza inakuachia nyasi asilimia 13 na ya pili asilimia 8, na kwa mfugaji hiyo siyo tofauti ndogo.

Majirani: kwa kawaida kila kipande kinapiga bahati nasibu yake, ila unaweza kuiambia moto usambae na uwe wa ukubwa fulani. Mashine: laptopu yoyote ya kawaida. Udhaifu wake ni mmoja lakini mkubwa, haijui chochote ambacho hukuiambia. Mvua ikibadilika, wewe ndiye unabadilisha namba. Inamfaa anayepanga matumizi ya ardhi, mtu wa shirika la wanyamapori au la misitu anayetaka kulinganisha "tukichoma mapema" na "tusipochoma", na yeyote ambaye itabidi amwelezee mkubwa asiye mtaalamu, kwa sababu ile michoro ya mishale hata mkuu wa wilaya anaielewa.

NetLogo

Uri Wilensky aliianzisha mwaka 1999, ni bure, inafanya kazi bila intaneti, na lugha yake inasomeka karibu kama maneno ya kawaida. Hapa wewe ndiye unaandika kanuni zote. Kinachoigwa ni chochote unachotaka: mti mmoja, tembo mmoja anayetembea, hondohondo aliyemeza tunda la musizi huku akaitema mbegu kule.

Ndani ya maktaba yake kuna modeli ndogo ya moto, na nakuomba uifungue hata kama hutaitumia kwa kazi. Kuna kitelezi kimoja tu, msongamano wa miti. Weka 50 moto unazimika karibu na ulipoanzia. Weka 70 unafagia mpaka ng'ambo. Mahali penyewe pa kugeuka ni kama 59, asilimia moja mbili tu juu au chini na matokeo yanabadilika kabisa. Namba hiyo ni ya ile gridi yao, usiende kuinukuu kama ya Murchison, lakini fundisho lake ni la kweli: kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kunaacha mabaka, na mabaka yakitosha moto wa Februari hauna njia ya kupita. Nilishawaonyesha askari wa wanyamapori kitelezi hicho, mmoja akakishika mwenyewe akacheza nacho nusu saa chai ikapoa.

Majirani hapa ndio nguvu yake, kila kipande kinaona wenzake. Data: inaweza kuanza bila data, na ndipo hatari inapoanza, kwa sababu inakupa picha inayotembea, nzuri, yenye rangi, na watu wataiamini hata kama namba zote umezitoa kichwani. Mashine: ndogo inatosha mpaka ufike vipande laki kadhaa, ukienda milioni itabidi uiongezee memori na uwe na subira. Ramani zako za QGIS inazisoma kupitia nyongeza yake ya GIS. Inamfaa mwenye swali moja la jinsi kitu kinavyofanya kazi, mwalimu, na mtu ambaye shida yake ina mnyama ndani. Haimfai anayetaka kumwambia mtu kutakuwa na mita za ujazo ngapi za mbao mwaka 2060.

LANDIS-II

Hii ndiyo inayotajwa sana kwenye makala na ndiyo inayowaliza watu. LANDIS ya kwanza ilitoka kwa kina Mladenoff kule Wisconsin, Marekani, miaka ya 1990, na LANDIS-II ya kina Scheller ikafuata, makala yake ni ya 2007. Inaiga marika: kwenye kila kipande haihesabu miti, inasema tu "hapa kuna muhimbi wa miaka 80 na wa miaka 20, na musizi wa miaka 10". Unaongeza vipande vya programu unavyotaka, cha moto, cha upepo, cha uvunaji.

Kila mti unaujazia mstari mmoja: umri wa juu kabisa, umri wa kuanza kuzaa, uvumilivu wa kivuli kutoka 1 hadi 5, uvumilivu wa moto, mbegu inafika wapi kwa kawaida na wapi mwisho kabisa, inachipua ikikatwa au haichipui. Musizi unampa 1 kwenye kivuli bila kufikiria, muhimbi 5. Hapo raha. Kisha unafika kwenye umri.

Kule ilikozaliwa ukitoboa mti unahesabu pete, pete moja mwaka mmoja. Huku miti yetu mingi pete zake hazisomeki hivyo. Kwa hiyo unachukua kipenyo ukagawanya kwa kasi ya kukua: mti wa sentimita 60, ukisema unaongeza nusu sentimita kwa mwaka ana miaka 120, ukisema milimita tatu ana 200. Mti uleule! Na modeli nzima imesimama juu ya umri. Ndiyo maana huwa nauliza kabla ya yote kama mtu anaweza kupata vipimo vya ploti (vipande vya msitu vilivyowekewa alama) zilizorudiwa kupimwa miaka mingi, na Budongo tuna bahati maana ploti za Eggeling zilikuja kupimwa tena na watu wengine baadaye. Kama eneo lako halina ploti iliyorudiwa hata moja, LANDIS-II itakupa majibu yenye desimali tatu yaliyosimama juu ya hewa.

Majirani: nzuri sana, mbegu inasafiri kwa umbali uliouweka. Lakini usiweke umbali wa tunda kuanguka chini ya mama yake, musizi inabebwa na ndege, na ndivyo ilivyovamia kule Amani kwenye milima ya Usambara, Tanzania, ilikopandwa na watu halafu hondohondo wakamalizia. Tembo ni shida zaidi. Ipo nyongeza ya wanyama wanaokula majani, ila walioitengeneza walikuwa na moose kichwani, mnyama anayetafuna vichipukizi, siyo anayesukuma mti mzima na kichwa.

Mashine ya kawaida inaweza, ila kila kitu ni faili za maandishi na unaiendesha kwa kuandika amri. Jina la mti ukiliandika tofauti kwenye faili moja inakataa. Ramani mbili zikitofautiana safu moja inakataa. Jipe miezi, siyo wiki. Inamfaa mwanafunzi wa PhD, au timu yenye msitu uliofunga matawi juu, yenye ploti, na yenye swali la uvunaji: tukikata kila miaka 30 au 60, mahogani inarudi? Kwa swali hilo sijaona kinachoishinda hapa.

LPJ-GUESS, na ndugu yake aDGVM

Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, makala ya kwanza ya kina Smith ni ya 2001. Hapa majina ya miti yamekufa, unabaki na aina za mimea kwa tabia: mti wa kijani mwaka mzima wa nchi za joto, mti unaopukutisha majani, nyasi za joto. Badala yake inajua kitu ambacho zile tatu kwa kawaida hazijui, yaani mmea unakunywa maji na kula hewa. Unaipa joto, mvua, mwanga, udongo na kabonidayoksaidi, inaanza na ardhi tupu, inazunguka miaka mamia mpaka itulie, ndipo unaingiza hali ya hewa ya miaka ijayo.

Majirani? Hakuna, kwa toleo la kawaida mbegu haivuki kutoka mraba mmoja kwenda mwingine. Na mraba wenyewe mara nyingi ni nusu digrii, yaani kilomita 55 kwa 55 huku kwetu ikweta, zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Hifadhi nzima ya Budongo ni kama 800. Inamezwa na nafasi inabaki. Mashine: Linux, C++, na kama unataka nchi nzima tafuta seva ya chuo. Data ya mimea hutafuti sana, data ya hali ya hewa ipo wazi.

aDGVM, ya Scheiter na Higgins, 2009, nimeiweka hapa kwa sababu ni ya familia hiyo lakini imeandikwa kwa ajili ya savana za Afrika. Inaiga mti mmoja mmoja, na moto ukija inauliza mti una urefu gani: mfupi kuliko ndimi za moto, unaungua juu na kuchipua upya kutoka chini, mrefu umepona. Anayejua mbuga za kaskazini atatambua hapo hapo ile miti ya akasia yenye mizizi mikubwa na kimo cha goti, kila mwaka inajaribu. Hizi mbili zinamfaa mwenye swali la tabianchi na kaboni kwa nchi au kanda. Hazimfai mwenye kata moja.

Ukishachagua yoyote, ijaribu na Murchison ya zamani

Kabla hujaiuliza kuhusu 2070, irudishe nyuma. Miaka ya 1960 tembo walikuwa wengi mno pale na miti ilikuwa inakwisha, mpaka kati ya 1965 na 1967 wakapigwa risasi kama 2,000 kwa mpango wa kuwapunguza na kuwachunguza. Halafu miaka ya 1970 na 1980 ujangili ukamaliza karibu waliobaki, na vichaka vikarudi. Ianze modeli yako na nyasi na tembo wengi, kisha waondoe. Miti isiporudi, tafuta ulipokosea kabla ya kuandika sura ya matokeo. ST-Sim itafanya hivyo ukiwa na mishale miwili tofauti, wenye tembo na usio na tembo. NetLogo itafanya kwa tembo wanaotembea. LANDIS-II utahangaika. LPJ-GUESS ya kawaida haina tembo kabisa, na kusema hivyo wazi kwenye ripoti siyo aibu.

Kwa hali yako

Kama uko kwenye malisho, Nakasongola au kuzunguka Lake Mburo, na shida ni akasia kumeza nyasi, anza na ST-Sim. Wafugaji wanazo namba, ni wewe hujawauliza.

Kama ni msitu uliofunga na una ploti za kurudiwa, LANDIS-II, na endesha mara mbili, moja kwa makisio ya juu ya umri na moja kwa ya chini. Ripoti zote mbili. Ploti huna? Rudi ST-Sim na uache roho itulie.

Kama ni mmea mvamizi unaoenea, tuseme senna au lantana pembezoni mwa msitu, swali ni la majirani, kwa hiyo NetLogo kwa kuelewa unavyosambaa, na ukishajua umbali wa mbegu unaweza kuupeleka LANDIS-II.

Kama bosi anataka kujua mvua ikipungua Karamoja itakuwaje, usimpe NetLogo hata akikubembeleza. LPJ-GUESS au aDGVM, na utafute mwenzako anayeijua Linux.

Mpaka wa msitu na nyasi, kama ule wangu wa Kaniyo Pabidi, hapo mi natumia mbili: NetLogo ndogo ya kilomita tano tu kuelewa moto unaingia umbali gani kwenye ukingo, kisha namba hiyo naipeleka ST-Sim kwa eneo zima.

Na kama laptopu yako ni ya GB 4 na proposo inatakiwa Ijumaa, nunua maharagwe nusu kilo, tafuta mzee, na ukifika nyumbani kumbuka kile kipeo cha 1/10.